Risiva ya stereo imegoma kwenye PROTECT: pima kwanza, na usikubali fundi airuke rilei

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye vibanda vyetu vya ufundi na inamaliza spika za watu. Risiva ya stereo, yaani redio yenye amplifaya ndani yake, inaletwa haitoi sauti, taa ya PROTECT, ile ya ulinzi, inawaka. Fundi anafungua mfuniko, anachomelea kipande cha waya juu ya miguu ya rilei ya spika, ile swichi ya umeme inayounganisha spika, muziki unatoka upande mmoja, analipwa. Mwenye mali anafika nyumbani, anafunga spika zake, muda si mrefu sebule nzima inanuka kuungua. Wufa, spika ya sauti nzito, kwisha.

Nawaomba kwa dhati, msikubali kufanyiwa hivyo. Rilei ile imewekwa pale kwa kazi moja kubwa: kuzuia umeme mnyoofu, yaani DC, usifike kwenye spika. Amplifaya nzima inatakiwa itoe mawimbi ya muziki tu, yanayopanda na kushuka kupita sifuri. Transista ya mwisho, ile inayosukuma spika, ikishoti, volti zote za laini ya umeme ya ndani zinakwenda moja kwa moja kwenye njia ya spika. Piga hesabu: laini ina volti 45, koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma omu 6 hivi. Hapo zinapita ampea 7 na nusu, zaidi ya wati 300 za joto tupu, bila kupumzika. Hakuna koili ya spika ya nyumbani inayovumilia hilo.

Kwa hiyo PROTECT ikiwaka, risiva inakwambia ukweli. Kazi ni kutafuta inachokiona.

Nitaeleza kwa risiva niliyoimaliza majuzi, mali ya jirani yangu. Ni ya miaka ya 1990, imetengenezwa Japani, wati 80 kila upande. Inawaka, redio inashika stesheni, namba kwenye kioo zinasomeka vizuri, ila ile "tik" ya rilei inayosikika sekunde chache baada ya kuwasha haipo.

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa waya zote za spika nyuma kisha washa. Ukisikia "tik", risiva ni nzima, ubovu uko kwenye waya au spika. Jaribio hili halina gharama yoyote na wengi hulisahau. Kwa jirani yangu haikusaidia, PROTECT iliendelea kuwaka. Lakini wakati nachomoa nikaona jambo: kwenye tundu la spika ya kulia, nyuzi mbili tatu za waya mwekundu zilikuwa zimechomoza na kulalia waya mweusi. Hapo mshukiwa alishajulikana.

Sasa ndani. Chomoa plagi ukutani kwanza. Utaona kapasita mbili kubwa karibu na transfoma, kwenye hii zilikuwa za mikrofaradi 10,000, volti 63. Hizo zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Chukua rizista ya omu 100, wati 5 au 10, ishike kwa koleo lenye mpira, gusisha miguu miwili ya kila kapasita kwa sekunde tano au zaidi, halafu hakikisha kwa mita. Usishotishe kwa bisibisi. Cheche ile inang'oa njia za shaba kwenye bodi na inaweza kuiua kapasita yenyewe.

Kipimo cha kwanza cha maana kinafanyika risiva ikiwa imewashwa, spika zikiwa hazijafungwa. Mkono mmoja uwe mfukoni. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi ung'ang'anie bodi ya chuma au tundu hasi la spika. Waya mwekundu ugusishe mguu wa rilei upande unaotoka kwenye amplifaya, siyo upande wa spika. Watu wanapima nyuma kwenye matundu ya spika, wanaona sifuri, wanasema amplifaya ni nzima. Rilei ikiwa wazi, huko nyuma lazima usome sifuri.

Nilichosoma: kushoto milivolti 9. Kulia volti 47. Laini ya chanya ya risiva hii ni volti 48. Upande wa kulia umeelekea chanya wote, na protekta, yaani sakiti ya ulinzi inayoamuru rilei, imefanya kazi yake sawasawa.

Ukishajua upande, zima, chomoa, toa chaji kwenye kapasita, kisha hamisha mita kwenye kipimo cha dayodi. Transista ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Iliyo nzima ukiipima kati ya besi na emita inasoma 0.5 hadi 0.7 kuelekea upande mmoja, na upande wa pili haisomi kitu. Kati ya kolekta na emita haitakiwi kulia kabisa. Nikagusa ile ya mwisho ya NPN ya kulia (ya upande wa chanya), kolekta na emita: mita ikalia mfululizo. Ya PNP (ya upande wa hasi) nayo ikalia. Fyuzi ya laini hasi ya upande huo ilikuwa imekatika. Risiva hii ina fyuzi mbili kwa kila upande, ndiyo maana upande wa kushoto ulibaki mzima. Rizista ya emita ya omu 0.22 ya upande wa PNP ilikuwa imekatika, ingawa kwa macho haikuonyesha alama yoyote.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopoteza pesa ya mteja. Wananunua transista mbili za mwisho, wanaweka fyuzi, wanawasha, zinaungua tena papo hapo. Transista ya mwisho mara nyingi haifi peke yake. Nyuma yake kuna transista ya kuiendesha, na kabla ya hiyo kuna rizista ndogo za besi. Pima zote, moja baada ya nyingine, ukilinganisha na upande wa pili ambao ni mzima. Huo upande mzima ni ramani ya bure: kila sehemu ina pacha wake pale pale kwenye bodi. Mimi nilikuta transista moja ya kuendesha imekatika besi na emita, na rizista ya omu 10 imepanda hadi kilo-omu. Bila kuzibadilisha hizo, ningekuwa nimenunua mkaa.

Wakati wa kufunga mpya, mambo matatu yanataka umakini. Kati ya transista na hitisinki, chuma cha kuipoza, kuna karatasi ya maika au ya mpira, isipasuke, na grisi nyeupe iwe nyembamba. Kisha pima kolekta dhidi ya hitisinki, mita isilie. La tatu: kuna transista ndogo imefungwa kwenye hitisinki ile ile, haitoi sauti, kazi yake kuhisi joto na kutuliza mkondo wa kusubiri, yaani ule mdogo unaopita hata bila muziki. Irudishe mahali pake, iguse chuma. Nimeona risiva imerudi kibandani imeungua upya kwa sababu transista hiyo iliachwa inaning'inia hewani.

Na sasa kifaa ambacho kila mtu anayegusa amplifaya anatakiwa kuwa nacho: balbu ya mfululizo. Chukua balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 au 100, ifunge ili waya wa moto upite kwenye balbu kabla ya kufika kwenye soketi ya majaribio. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Risiva ikichomekwa hapo, balbu ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, bado kuna kitu kimeshoti, na balbu imekuokolea transista zako mpya. Ukiwa kwenye balbu usifunge spika, na usishangae rilei ikikataa kubonya, kwa sababu volti ni ndogo.

Ya jirani yangu balbu ilififia vizuri. Nikapima tena kabla ya rilei: kulia milivolti 14. Chini ya 50 sina wasiwasi. Ikizidi 100 natafuta sababu kabla ya kumkabidhi mtu. Nikaitoa kwenye balbu, nikachomeka ukutani, na baada ya sekunde nne hivi, "tik".

Ikabaki kurekebisha mkondo wa kusubiri. Skrubu yake ndogo niliishusha hadi mwisho wa chini kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kisha baada ya risiva kupata joto dakika 15 nikapima milivolti juu ya rizista ya 0.22. Nikaweka 6, sawa na miliampea 27 hivi, na kushoto pia nikasawazisha. Kila risiva ina kiwango chake, msinakili changu. Manuali za ufundi za risiva nyingi za zamani zinapatikana kwenye tovuti ya HiFi Engine.

Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, ubarikiwe. Mimi yangu inabonya "tik" vizuri, ila spika ya kushoto inapotea. Nikipandisha volyumu ghafla inarudi, nikishusha inapotea tena. Fundi kaniambia IC ya kushoto, ile chipu ya sauti, imekufa, anataka hela ya IC.

Mleta uzi

Mkuu, usitoe hela bado. IC iliyokufa hairudi kwa kupandishiwa volyumu. Dalili hiyo ni ya rilei yenyewe, vidole vyake vya ndani vimepata kutu nyeusi. Sauti ndogo haipenyi, sauti kubwa inapenya kwa nguvu. Hakikisha hivi: washa kwa sauti ndogo, ipotee, kisha gonga gamba la rilei taratibu kwa mpini wa bisibisi wa plastiki. Sauti ikirudi, umempata mbaya wako.

Kama gamba linafunguka, lowesha kipande cha karatasi ya bahasha kwa dawa ya kusafishia kontakti, pitisha katikati ya vidole, vibane kidogo, vuta. Rudia mpaka karatasi itoke safi. Msasa usiutumie kabisa, unakwangua mpako wa juu, na baada ya hapo kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Hiyo ya karatasi ni nafuu ya muda. Dawa yenyewe ni rilei mpya yenye volti zile zile za koili, mara nyingi 24, na ampea zisizopungua za ile ya zamani.

Angalia pia swichi ya SPEAKERS A/B mbele. Izungushe mara nyingi risiva ikiwa imezimwa. Inaleta dalili zinazofanana kabisa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi ni fundi, niseme upande wetu. Mteja anakuja na elfu ishirini, anataka muziki leo leo kuna shughuli nyumbani. Wengine tunaruka rilei kwa ajili ya kujaribu tu tujue kama upande wa pili unatoa sauti. Siyo wote matapeli.

Mleta uzi

Kaka, sijasema ni utapeli, na hali ya wateja naijua. Ila hata kwa kujaribu huhitaji kuiruka. Ukitaka kujua kama upande mmoja ni mzima, pima DC kabla ya rilei, inachukua chini ya dakika. Ukitaka kusikia muziki, tumia tundu la PRE OUT kama lipo, au TAPE OUT, peleka kwenye amplifaya nyingine. Hapo unajua kama ubovu uko mbele au nyuma ya volyumu na hakuna spika iliyohatarishwa. TAPE OUT inatoka kabla ya volyumu, PRE OUT baada yake. Ukiyapata haya mawili kichwani umeigawa risiva vipande vitatu bila kufungua skrubu.

Na kama hela ya mteja haitoshi, mwambie ukweli, funga mfuniko, mrudishie. Atakuja mwisho wa mwezi. Ukiiruka na spika zikaungua, hatakuja tena.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, shida yetu huku ni spea. Nilibadilisha jozi ya transista za mwisho, 2SC5200 na 2SA1943, zote zilipimwa nzima kwa mita, lakini nikipandisha sauti zinapasuka. Nimerudia na za duka lingine, mambo ni yale yale.

Mleta uzi

Ndugu, jozi hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko nyingi nizijuazo. Mita haiwezi kuitambua feki, kwa sababu ni transista kweli, ila ndani imewekwa chipu ndogo isiyobeba mkondo. Ile iliyopasuka usiitupe: ivunje kwa nyundo ndani ya kitambaa uangalie chipu, kisha linganisha na ya zamani iliyotoka kiwandani na risiva. Tofauti ya ukubwa unaiona kwa macho.

Mimi nanunua kwa mawakala wanaouza moja kwa moja kutoka viwandani, hata kama mzigo utachelewa. Njia nyingine ni kuchomoa kwenye amplifaya za zamani zilizokufa transfoma, transista zake ni halisi. Hata Kariakoo au Luthuli kule Nairobi wapo wauzaji waaminifu, lakini nunua moja kwanza, ivunje, ndipo ununue jozi. Najua inauma kuvunja kitu kipya. Ni nafuu kuliko kuunguza bodi.

Kabla ya kulaumu spea lakini, niambie spika zako ni omu ngapi na unafunga ngapi. Risiva ikiandikwa nyuma omu 8 kwa A+B, ukifunga jozi mbili za omu 6 inaona omu 3, na hata transista halisi hapo haina maisha.

Mchangiaji, Dodoma

Kaka samahani, mimi sijui ufundi. Nimenunua risiva ya mtumba, maandishi ya nyuma ni ya Kijapani, imeandikwa 100V. Muuzaji kasema nichomeke tu. Na pia redio yake FM inaishia 90, stesheni ninazozipenda hazipo. Imeharibika?

Mleta uzi

Dada, tafadhali usiichomeke ukutani. Kwetu umeme ni volti 230, hiyo imetengenezwa kwa matumizi ya Japani ambako ni volti 100. Ukichomeka inapata zaidi ya mara mbili. Bahati ikiwa nzuri inakata fyuzi, ikiwa mbaya transfoma inaungua, na transfoma ndiyo sehemu ngumu kupata.

Nunua transfoma ya kushusha yenye kutoa volti 100 hasa. Zile za 110 zinaipandisha risiva kwa asilimia 10 muda wote, na kwa kifaa cha umri huo sipendi. Wati zake ziwe nyingi kuliko zilizoandikwa nyuma ya risiva. Masafa hayana shida: Japani ya mashariki inatumia hezi 50 kama sisi, ya magharibi 60, kwa hiyo vifaa vyao vinakubali zote mbili.

Redio haijaharibika. Bendi ya FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, sisi tunatumia 88 hadi 108. Utapata zile chache za chini ya 90. Usimruhusu mtu akazungushe koili za ndani kulazimisha, utapoteza hata hizo. Chomeka simu kwenye AUX, sikiliza stesheni zako kupitia intaneti, sauti itatoka nzuri tu.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, nimefuata hatua zako zote. Kabla ya rilei nimepima kushoto milivolti 11, kulia 20. Fyuzi zote nzima. PROTECT bado inawaka na haibonyi. Sasa?

Mleta uzi

Safi sana, hapo umeshaondoa woga mkubwa: amplifaya ni nzima. Anayelia ni mlinzi mwenyewe. Tafuta IC ndogo ya miguu minane iliyopangwa mstari mmoja, iliyoandikwa uPC1237 au inayofanana. Zipo kwenye risiva nyingi sana. Mguu wa 8 ndio umeme wake, mguu wa 6 unaivuta rilei, mguu wa 2 unasikiliza DC ya spika, mguu wa 7 ndio unaochelewesha ile "tik". Pembeni ya mguu wa 7 kuna kapasita ndogo. Ikivuja, mguu huo haupandi volti na rilei haibonyi milele. Badilisha hiyo kapasita kwanza, ni ya bei ya chai. Kisha fuatilia rizista inayoleta umeme mguu wa 8. Hupata joto miaka yote na hupanda thamani au kukatika, na risasi yake ya kuchomelea hupasuka kwa mduara mwembamba kuzunguka mguu. Tumia lenzi au kamera ya simu kuikuza, kwa macho matupu unaipita.

Usisahau koili ya rilei. Ipime omu, ikisoma wazi ndiyo hiyo.

Mchangiaji, Mwanza

Mrejesho wakuu. Nimeigonga rilei, sauti ikarudi. Nimesafisha kwa karatasi, imetoka nyeusi tii. Kushoto sasa inaimba hata kwa sauti ya chini kabisa. IC sikununua. Ila kuna mngurumo mdogo, hata volyumu ikiwa sifuri upo.

Mleta uzi

Hongera mkuu. Mngurumo unaobaki volyumu ikiwa sifuri kwa kawaida hautoki kwenye simu wala turntebo (kicheza santuri), unazaliwa ndani, baada ya volyumu. Chomoa waya zote za kuingiza sauti uwe na uhakika. Ukibaki na ni mzito wa hezi 100, tazama zile kapasita mbili kubwa. Pima volti za AC juu ya kila moja: moja ikisoma nyingi waziwazi kuliko mwenzake, badilisha zote mbili, mikrofaradi zile zile, volti zisipungue. Ukitoweka baada ya kuchomoa waya za nje, kapasita usiziguse, tafuta waya wa kuingiza ulioachia ngao yake.

Na ukishamaliza, iache iwake saa nzima bila spika, upime tena DC ikiwa ya moto. Ikibaki chini ya 50, funga kwanza spika usiyoionea uchungu, sikiliza nusu saa, halafu ndipo urudishe zako.